Skafu ya Mwanamume Asiyesikia Baridi

Mwanamume wa Njombe hasikii baridi. Muulize mwezi Julai, saa kumi na moja alfajiri, mji ukiwa karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na kule Kitulo nyasi zikiamka na sakitu, atakujibu kwamba hali ya hewa ni nzuri tu. Amevaa mashati mawili, sweta, na koti la mtumba lililoshonwa kwa ajili ya theluji ya Ulaya. Mikono ameikunja na kuificha kwapani. Shingo imezama mabegani mpaka huwezi kujua kama anayo. Lakini baridi hasikii. Huyu ndiye tunayemfumia skafu, na usitegemee kwamba atakuomba. Ukingoja aombe, utazeeka na sindano mkononi.

Kwa kuwa haombi, wafumaji wengi hujiamulia wenyewe. Wanachagua rangi waipendayo wao, wanapima kwa shingo zao, wanafuma usiku na mchana, kisha skafu inapokelewa kwa asante fupi na kulala chini ya sanduku hadi panya wazae humo. Jambo hili huniuma sana. Skafu moja ni saa nyingi za mtu, na mtu huyo alikuwa anapenda wakati wote alipokuwa akifuma. Ninayemfundisha hapa kwanza atampeleleza mwanamume, ndipo aguse uzi.

Anza na kazi yake. Mlinzi wa usiku anahitaji skafu ndefu ya kuzungusha mara mbili na kufunika masikio. Mwalimu anahitaji nyembamba inayokaa chini ya koti bila kumfanya aonekane amevimba. Fundi wa kuchomelea vyuma, au kijana wa chipsi anayeinamia jiko tangu jioni, usimpe kabisa skafu ya uzi wa sweta wa kawaida wa madukani. Uzi ule kwa kawaida ni akriliki, na akriliki ikipata cheche huyeyuka na kunata kwenye ngozi. Huyo mfumie ya sufu halisi ya kondoo, ambayo haishiki moto kwa urahisi, au ya pamba, lakini pamba nayo asiisogeze karibu na moto.

Dereva wa bodaboda nataka nikae naye kidogo, maana ndiye anayepigwa na upepo kuliko wote na ndiye ambaye zawadi hii inaweza kumdhuru. Tarehe 14 Septemba 1927, mjini Nice, Ufaransa, mcheza dansi maarufu wa Marekani Isadora Duncan alipanda gari la wazi akiwa na skafu ndefu ya hariri shingoni. Ncha ikanaswa na gurudumu, naye akafa palepale barabarani. Gurudumu la pikipiki nalo liko karibu na ncha za skafu. Kwa hiyo bodaboda hafumiwi skafu yenye ncha. Mfumie kipande cha sentimita 65, uunganishe miisho yake miwili kwa sindano ya mkono iwe duara, aivalie kichwani na kuishusha shingoni. Haina cha kupepea. Kisha hakikisha kofia yake ngumu bado inaingia na kufungwa vizuri juu yake. Ikiwa haifungiki, punguza upana. Usimwombe yeye alegeze mkanda wa kofia.

Baada ya kazi, rangi. Hapa wako wanaodhani wanafahamu, kwa sababu mwanamume akiulizwa rangi anasema yoyote tu. Si kweli, hajawahi kumaanisha yoyote. Jaribu kumpa shabiki wa Yanga skafu nyekundu yenye mistari myeupe, au shabiki wa Simba ya kijani na njano, uone kama itavuka mlango. Ukiwa hujui yuko upande gani, kaa sebuleni siku ya mechi na usikilize analalamikia refa wakati gani. Rangi salama zipo: kijivu cha mkaa, bluu ya giza, kahawia, kijani cha msitu ikiwa timu inaruhusu. Nyeusi ni nzuri kwake na ni adhabu kwako, hasa ukifuma kwa taa ya sola, kwa sababu vitanzi vyeusi havionekani na kosa utaligundua asubuhi.

Urefu wa skafu ya kawaida ni karibu sawa na urefu wa mwenye kuivaa. Mtu wa sentimita 180, skafu ya sentimita 180, upana kati ya 16 na 20. Tatizo ni kumpima bila kumwambia. Kwa mume au kaka si kazi, mwache asimame mlangoni, weka alama ya macho kwenye fremu, upime akishaondoka. Baba mkwe ndiye anayehitaji adabu. Kwake shika koti.

“Baba, shikamoo. Koti lako hili, nikuanikie nje kidogo lipate jua?”

“Marahaba, mama. Lianike. Lakini usilitie maji.”

Hapo umepata dakika kumi na koti. Pima kola, tazama inafungwa hadi juu au inaachwa wazi, na angalia sehemu ya ndani ya kola ilivyolika. Kola iliyolika na kungʼaa inakuambia kwamba shingo yake haipendi kitu kigumu, na uzi wa kukwaruza hatauvumilia hata kwa heshima yako.

Sasa uzi. Ukinunua akriliki, chukua wa unene wa kati, gramu 200, na nunua wote siku moja. Tazama namba ya rangi kwenye karatasi ya kila donge, maana madonge mawili ya kijivu kutoka mitungi miwili ya rangi hayafanani yakikutana kifuani kwa mtu. Sufu halisi ni adimu zaidi madukani, ila mnadani imejaa, imejificha kwenye masweta ya mitumba. Tafuta sweta kubwa lenye lebo ya ndani iliyoandikwa wool, laine au lana. Kabla hujalipa, ligeuze ndani nje utazame mishono ya ubavuni. Kama kingo zimekatwa na mkasi kisha zikashonwa kwa overloki, liache, litakupa vipande vifupi vifupi vya uzi. Unalolitaka lina kingo nzima zilizounganishwa kwa mshono unaoweza kufumuliwa. Ukiwa na shaka na lebo, vuta kipande kidogo cha uzi, ukiwashe kwa kiberiti nje ya nyumba, ukikishika kwa koleo. Sufu inanuka nywele zilizoungua na majivu yake yanasagika vidoleni yakishapoa. Akriliki inatoa moshi mweusi na kuacha kidonge kigumu.

Sweta likishafumuliwa, uzi unakuja umejikunjakunja kwa kumbukumbu ya vitanzi vya zamani. Usifume nao hivyo. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne usichanganyikane, uloweke kwenye maji ya uvuguvugu, kisha uutundike ukauke huku umening'iniza kitu kizito kidogo chini yake. Utanyooka.

Sindano ni mbili, za milimita 5. Angalia kwa rula, usiamini namba tu, kwa sababu sindano za zamani za Kiingereza zinahesabiwa kinyume: namba ikipanda, sindano inakuwa nyembamba. Spoki za baiskeli, ambazo zimewavisha watoto wengi soksi na kofia, ni nyembamba mno kwa kazi hii, zina karibu milimita 2, na mzee ataingia msimu wa mahindi hujamaliza. Ila sisi wa huku tuna mianzi. Ile ile inayotupa ulanzi inatoa sindano nzuri mno. Chukua mwanzi mkavu uliokomaa, upasue, chonga vijiti viwili vya sentimita 30, vichonge ncha butu kiasi, piga msasa mpaka shavu lako lisihisi mkwaruzo, kisha visugue kwa mshumaa. Sindano za mwanzi hazitelezi ovyo, na hilo ni faida kwa anayeanza.

Wengi wetu tumelelewa na kufuma vitambaa vya makochi kwa kijiti kimoja chenye ndoano. Mikono hiyo hiyo inaweza sindano mbili, ila hapa vitanzi vyote vya safu vinabaki hai kwenye sindano kwa pamoja, na ndiyo maana ukiangusha kimoja usikimbie kuita mtu, kishike kwanza.

Anza kwa kuacha mkia wa uzi wa mita moja. Funga kitanzi cha kwanza kwenye sindano. Mkono wa kushoto, mkia unapita kwenye kidole gumba, uzi wa dongeni unapita kwenye kidole cha shahada, vidole vilivyobaki vinashika ncha zote mbili. Sindano inapanda chini ya uzi wa kidole gumba, inakwenda kunasa ule wa shahada, inarudi nao kupitia tundu la gumba. Achia gumba, kaza kidogo. Kidogo. Vitanzi vya mwanzo vinapaswa kuteleza kwenye sindano ukivisukuma kwa kidole, la sivyo skafu yako itakuwa imekabwa upande mmoja. Fanya hivyo hadi uwe na vitanzi 39.

Kuna namna mbili tu za kufuma kitanzi, na skafu yote imetoka humo. Ya kwanza tuiite wazi: uzi uko nyuma ya kazi, sindano ya kulia inaingia kitanzini kutoka mbele kwenda nyuma, inazungushiwa uzi, inauvuta kuja mbele, kitanzi cha zamani kinaachiwa. Ukitazama, inaacha alama ya V. Ya pili ni kinyume: uzi unaletwa mbele ya kazi, sindano inaingia kutoka upande wa kulia ikibaki mbele, inazungushiwa uzi na kuusukuma nyuma. Hii inaacha nundu.

Usije ukafuma safu moja yote wazi na inayofuata yote kinyume kwa sababu umeona masweta ya shule yako hivyo. Upande mmoja utakuwa V tupu na mwingine nundu tupu, nguvu za pande mbili hazitalingana, na kingo zitajikunja kuelekea nyuma. Sweta linashonwa ubavuni kwa hiyo halina pa kujikunja. Skafu inapo. Mwanamume wako atajikuta amevaa bomba shingoni, na wenzake wa kijiweni watampa jina ambalo atazikwa nalo.

Fuma hivi, kila safu, kwenda na kurudi, bila kubadili kitu: wazi mbili, kinyume mbili, rudia hadi vibaki vitanzi vitatu, kisha wazi mbili na kinyume moja. Geuza. Anza tena vile vile. Ndiyo mchoro wote. Hesabu ya 39 haikuokotwa, ni makundi tisa ya vinne na vitatu vya ziada. Vile vitatu vinafanya mchoro usogee hatua moja kila unapogeuza, na hapo ndipo mistari inapozaliwa: V moja iliyonyooka tangu mwanzo hadi mwisho, karibu yake bonde la nundu, na kati yao vitanzi vinavyopokezana, leo V kesho nundu. Pande zote mbili zinafanana. Mwanamume anaweza kuivaa gizani, akiwa na haraka, bila kutafuta upande wa nje, na hii ndiyo sababu nauona mchoro huu kuwa bora kwake kuliko yote ninayoijua. Ukitaka skafu pana zaidi, ongeza vitanzi vinne vinne: 43, 47. Nyembamba, 35.

Sasa sogea karibu na taa nikuonyeshe kinachotenganisha anayehesabu kwa hofu na anayefuma huku anapiga soga. Baada ya safu kadhaa, tazama vitanzi vinne vya mwanzo vilivyo kwenye sindano ya kushoto, uangalie kila kimoja kimekaa juu ya nini. Cha kwanza kimekaa juu ya V. Cha pili, juu ya nundu. Cha tatu, nundu. Cha nne, V. Halafu inarudia. V na nundu, hivyo viwili unavifuma wazi. Nundu na V, hivyo viwili unavifuma kinyume. Ikiwa umefika katikati ya safu na chini ya sindano unaona V mbele ya V pale palipostahili nundu, umekosea, na kosa liko hapo karibu, pengine vitanzi vitatu nyuma. Rudi sasa. Ukiweza kusoma hivyo kwa macho, baada ya muda utaweza kwa ncha ya kidole gumba, na umeme ukikatika saa mbili usiku hutaweka kazi chini.

Muda wenyewe twende kwa hesabu, ili usijiwekee tarehe ya uongo. Kwa uzi wa kati na sindano hizi, chukulia safu 26 kwa kila sentimita 10. Sentimita 180 ni safu 468. Mara vitanzi 39, unapata vitanzi 18,252. Anayeanza akifuma vitanzi 20 kwa dakika atatumia saa 15 na dakika 12. Saa moja kila jioni, nusu mwezi umekwisha. Ukianza mwishoni mwa Mei, katikati ya Juni inamkuta amevaa. Hapa naomba usivutike kumfumia sweta zima kwa haraka ya mapenzi. Wafumaji wa Ulaya na Marekani wana imani waiitayo laana ya sweta: msichana akimfumia mchumba wake sweta kabla ya ndoa, mchumba anaondoka. Mimi laana siioni humo, naona miezi. Sweta linachukua muda mrefu hata penzi changa linaweza kuzaliwa na kufa kabla ya mkono wa pili. Skafu inawahi kufika mwanamume akiwa bado yupo.

Uzi ukiisha dongeni, anza donge jipya mwanzoni mwa safu na uache mikia ya sentimita 15. Usiunge fundo katikati, litamchoma kooni na atalitafuta kwa kidole mchana kutwa hadi skafu itoboke. Ukikaribia mwisho, bakiza uzi wenye urefu wa zaidi ya mara nne ya upana wa skafu. Kufunga: fuma vitanzi viwili vya kwanza kulingana na mchoro, pitisha cha kwanza juu ya cha pili, fuma kingine, pitisha tena. Legeza mkono. Mikia yote ishone ndani kwa sindano ya mkono, kwenda na kurudi kwenye nundu za rangi ile ile.

Sufu ioshe kwa maji baridi bila kuisugua wala kuisokota, uikamue ndani ya taulo, uilaze kivulini juu ya kitu kikavu. Maji ya moto na kusugua hufunganisha nywele zake, ikawa ngumu na fupi, na hairudi tena. Akriliki inavumilia kufuliwa, ila pasi ya mkaa usiisogeze karibu, itailegeza kabisa na michoro yote italala. Mwambie haya yule anayefua nguo pale nyumbani, hata kama ni yeye mwenyewe, na hasa kama ni yeye mwenyewe.

Kuhusu kumkabidhi, sikubaliani na karatasi ya kungʼaa wala kumwita mbele ya wageni. Anayesema hasikii baridi hawezi kuipokea skafu hadharani bila kujipinga. Itundike kwenye msumari ule ule wa koti lake, juu ya koti, usiku wa kuamkia asubuhi ya baridi kali, uende kulala. Baba mkwe mpe kwa mikono miwili, umesalimia kwanza, na useme ni kwa ajili ya kwenda nayo kanisani au msikitini, atapata sababu ya kuivaa. Mume atauliza, “Hii ni ya nani?” Mjibu ni yake, basi. Usisimulie vitanzi 18,252. Usimuulize jioni kama ilimfaa. Utajua siku ukiikuta ina harufu ya moshi na vumbi la barabarani, na pindo limeanza kulegea upande anaolivuta.

Na ikitokea siku akauliza sindano zinashikwaje, mpe. Katika kisiwa cha Taquile, kwenye Ziwa Titicaca nchini Peru, wanaume ndio wanaofuma kofia kwa sindano, wavulana wanajifunza tangu wadogo, na mwaka 2005 UNESCO iliitangaza sanaa ya nguo ya kisiwa hicho kuwa urithi wa binadamu. Mkalishe, mwanzishie vitanzi 19, ambavyo ni makundi manne na vitatu vya ziada, na umwache akosee mwenyewe. Usimnyangʼanye kazi mkononi.

Uzi uliobaki usiutupe wala usiufumie kifuko cha chupa. Uzungushe kwenye kipande cha boksi, uandike jina lake, uuweke. Kabla ya Agosti kuisha atakuja na tobo alilolipata kwenye mlango wa daladala, atasimama pembeni akilitazama kana kwamba ni la mtu mwingine, na utahitaji rangi ile ile.